Kompyuta imegoma kuwaka? Pitia hapa kabla hujapiga Windows upya

Naomba kabla hujampigia simu yule jamaa mwenye flashi ya Windows, usome kwanza hii mpaka mwisho, manake watu wengi sana wanapoteza picha za familia na kazi za miaka kwa sababu ya haraka tu, mashine imegoma asubuhi, mtu anaitwa, anachomeka flashi, dakika 40 mashine inawaka safi kabisa kama mpya na kila kilichokuwemo kimeenda, afu baadae inakuja kujulikana kwamba RAM, ile memori ya kufanyia kazi, ilikuwa imelegea tu kwenye sloti yake. Inauma sana kuona hivo. Kupiga Windows, yaani kuiinstoli upya, ni hatua ya mwisho, na hata ukifika huko unafika ukiwa mafaili yako umeshayatoa.

Cha kwanza ni kujua inagomea wapi. Ukibonyeza batani ya kuwashia kuna mambo yanapita kwa mpangilio, umeme unaingia, madabodi, ile bodi kuu ya ndani, inajikagua yenyewe kama prosesa ipo, RAM ipo, kadi ya picha ipo, afu inatafuta diski yenye mfumo, ikiipata inaukabidhi mfumo kazi, hapo ndo unaona vile vidoti vinazunguka chini ya nembo, na mwisho unafika pa kuweka paswedi. Kila hatua ina matatizo yake na ni mara chache sana tatizo la hatua moja litibiwe kwenye hatua nyingine. Kama hata taa haiwaki hakuna sababu ya kuhangaika na Windows, na kama vidoti vinazunguka vizuri tu afu ndo inaleta skrini ya bluu, basi usianze kwa kununua chaja mpya.

Kwa hiyo angalia na usikilize. Taa yoyote inawaka? Feni inasikika? Kuna mlio wa pipi pipi? Nembo ya kampuni inatokea? Kuna maandishi yoyote? Kama yapo piga picha na simu hapo hapo, manake mengine yanapita kwa sekunde 2 tu na hutayakumbuka. Afu jiulize nini kilitokea mara ya mwisho inafanya kazi, umeme ulikatika ghafla, uliongeza RAM, ilianguka, ilimwagikiwa chai, ilikuwa inaapdeti ukaizima kwa nguvu, uliinstoli programu mpya? Jibu la hilo swali peke yake mara nyingi linakupa nusu ya kazi.

Na kabla ya kitu kingine chochote chomoa kila kilichochomekwa pembeni, flashi, printa, hadi diski (hard disk) ya nje, kadi ya memori ya kamera, kila kitu, bakisha chaja tu, au kama ni ya mezani bakisha kibodi, mausi na monita. Flashi iliyosahaulika inaweza kuifanya mashine itafute mfumo ndani ya hiyo flashi, isiupate, ikaandika "Non-system disk" au ikabaki na kioo cheusi, na kifaa cha USB chenye shoti kinaweza kuzuia mashine nzima isiwake. Kuna watu wameshapona hapa hapa na hawakuhitaji kuendelea.

Tuanze na ile iliyokufa kabisa, hamna taa wala feni. Jaribu soketi na kitu kingine kama chaja ya simu, afu ruka ekstensheni yote uchomeke moja kwa moja ukutani. Kama ni laptopu angalia taa ya chaja kama ipo, chezesha waya taratibu pale unapoingia kwenye mashine uone kama taa inawaka na kuzima, ikifanya hivo ni waya au tundu la chaji limelegea. Kwa laptopu zinazochaji kwa USB-C angalia wati zilizoandikwa kwenye chaja, mashine inayotaka wati 65 ukiipa chaja ya simu ya wati 18 inaweza isionyeshe dalili yoyote ya uhai, hasa betri ikiwa imekauka kabisa. Na betri iliyokauka sana iache kwenye chaja nusu saa nzima kabla hujaihukumu.

Ikigoma bado, fanya hii ambayo watu wanaidharau lakini inafufua laptopu nyingi kweli. Chomoa chaja, toa betri kama ni ile inayotoka kirahisi, afu bonyeza batani ya kuwashia na uishikilie sekunde 30 nzima, achia, rudisha chaja tu bila betri, washa. Kama betri ni ya ndani fanya hivo hivo bila kuitoa, mashine nyingi zitaelewa. Unachofanya hapo ni kumaliza chaji iliyobaki kwenye saketi, manake kuna kisaketi kidogo kinachosimamia umeme ndani ya laptopu ambacho kinaweza kuganda, na kikiganda hakisikilizi batani hata ubonyeze mara ngapi.

Ya mezani ina swichi yake nyuma kwenye pawa saplai, kile kiboksi kinachoingiza umeme, hakikisha iko kwenye mstari na sio duara. Pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230, kiwe kinalingana na umeme wa nchi uliyopo, ukiweka 115 kwenye umeme wa volti 230 utasikia mlipuko na ndo basi tena. Kama umetoka kuifungua au kuiunga mwenyewe angalia zile waya mbili za umeme kwenye madabodi, ile ndefu ya pini 24 na ile ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, hiyo ndogo inasahaulika sana na ikisahaulika feni zinaweza kuzunguka lakini hakuna kinachoendelea. Batani yenyewe pia inaweza kuwa ndo imekufa, hiyo unaijua kwa kugusisha zile pini mbili za "PWR" kwenye madabodi kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, mashine ikiwaka basi ubovu uko kwenye batani au kawaya kake na sio kompyuta.

Ila pawa saplai usiifungue. Hata ukishaichomoa kuna kapasita ndani zinazobaki na umeme wa kutosha kukuumiza vibaya, hiyo unabadilisha nzima au unampa mwenye vifaa vya kupimia. Vile vile laptopu ambayo sehemu ya kugusia mausi imeinuka au kava la chini limebinuka, hiyo betri imevimba, zima, chomoa, usiichaji tena na usijaribu kuitoboa wala kuikandamiza irudi, betri za lithiamu zinawaka moto kweli. Na iliyomwagikiwa kitu usiiwashe kujaribu kama bado nzima, kile kitendo cha kuijaribu ndo kinachounguza, toa umeme wote, igeuze maji yatoke, afu ifunguliwe isafishwe ndani.

Sasa tuje kwenye ile inayowaka, taa zipo, feni inazunguka, lakini kioo cheusi. Hapa ndo pana mambo mengi na ndo watu wanapokata tamaa mapema.

Bonyeza Caps Lock. Kama kibodi yako ina kataa ka Caps Lock na kanawaka na kuzima kila ukibonyeza, basi kuna uwezekano mkubwa mashine yenyewe iko hai na tatizo liko kwenye picha tu. Kwa laptopu chukua tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa pembeni ukiwa sehemu yenye giza, ukiona kwa mbali kuna picha hafifu ujue taa ya kioo ndo imekufa au waya wake umekatika pale kwenye bawaba. Afu chomeka kwenye TV au monita kwa HDMI, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P mara moja moja uone kama picha inahamia huko. Kama mashine ilikuwa imeshafika ndani ya Windows jaribu pia Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, inarestati draiva ya picha (programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya picha), utasikia kamlio na kioo kinaweza kurudi. Kwa ya mezani yenye kadi ya picha ya kuchomeka, hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi yenyewe, kule chini kwenye matundu ya kulala, na sio juu kwenye madabodi.

Caps Lock ikikaa kimya, mshukiwa wa kwanza ni RAM. Kweli kabisa, kabla ya kuamini kwamba madabodi imeungua, toa RAM. Zima, chomoa umeme, kwa laptopu toa au tenganisha betri, gusa chuma kisicho na rangi kwanza ili umeme tuli wa mwilini mwako uondoke, afu fungua vile vibanio vya pembeni RAM itainuka yenyewe. Ile mistari ya dhahabu isugue taratibu kwa kifutio kile cheupe laini cha penseli, pande zote mbili, futa vumbi la kifutio lisiingie kwenye sloti, usiiguse tena kwa vidole. Sloti yenyewe ipulizie hewa, sio mdomo manake mate yanaingia. Rudisha ukisukuma mpaka usikie vibanio vimeshika. Watu wanaogopa kusukuma, RAM ya kompyuta ya mezani inahitaji nguvu kidogo, ikiingia nusu mashine haiwaki na wala haikwambii kwa nini.

Kama ziko mbili, weka moja tu ujaribu, afu ibadilishe kwa nyingine, afu jaribu sloti tofauti. Hivo utajua kama ubovu ni wa RAM moja au ni wa sloti. Kwenye madabodi nyingi zenye sloti 4 RAM moja inakaa sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, angalia maandishi madogo pembeni utaona A2. Kitu kingine, mashine mpya zinazotumia RAM aina ya DDR5, ukibadilisha RAM au ukirisiti BIOS (ile programu ndogo ya kwenye madabodi inayoanza kabla ya Windows) inaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa inajipima na ile RAM, hapo mtu asiyejua anazima katikati, anawasha, anazima tena, anazidi kuchelewa, we iache tu hata dakika 10 au 15 ndo uamue.

Ile milio ya pipi nayo ina maana, milio mitatu mirefu, mmoja mrefu na miwili mifupi na kadhalika, lakini kila kampuni ya BIOS ina mpangilio wake kwa hiyo usichukue orodha ya mashine nyingine, hesabu milio vizuri afu tafuta kwa jina la modeli yako. Laptopu nyingi hazipigi mlio, zinapepesa taa ya chaji au ya Caps Lock badala yake, nayo inahesabika vile vile. Madabodi nyingi za mezani za siku hizi zina vitaa vinne vidogo vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, kile kinachobaki kimewaka ndo kinakuonyesha pa kuangalia.

Ukiona saa na tarehe zinarudi nyuma miaka kila ukiwasha, au inakwambia ubonyeze F1 kila siku, ni betri ya CMOS imeisha, ile ya duara kama sarafu inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, nyingi ni CR2032 ya volti 3, inabadilishwa kwa dakika chache. Ila BIOS ikisharudi kwenye mipangilio ya kiwandani inaweza kusahau na mambo mengine, nitayagusa sasa hivi.

Inayowaka sekunde chache na kuzima yenyewe, afu kuwaka tena na kuzima, hiyo fikiria shoti, pawa saplai iliyochoka au joto. Feni ya prosesa inazunguka? Vumbi limeziba? Ukipuliza vumbi shikilia feni isizunguke kwa kasi ya upepo. Kwenye ya mezani angalia pia kapasita kwenye madabodi, vile vimitungi vidogo, kikivimba kichwani au kikivuja kitu cha kahawia basi umepata jibu.

Haya, sasa imetoa nembo, lakini inaandika "No bootable device" au "Boot device not found" au inaingia BIOS yenyewe kila ukiwasha. Umeme mzima, RAM nzima, kinachokosekana ni diski au njia ya kuifikia. Ingia BIOS, mashine nyingi ni F2 au Delete, HP ni F10 au Esc, unabonyeza bonyeza mara tu baada ya kuwasha usisubiri nembo. Swali ni moja tu, diski inaonekana kwenye orodha? Kama haionekani, zima, fungua, chomoa diski uichomeke tena, kwa zile za waya wa SATA badilisha na waya, kwa zile SSD (diski zisizozunguka) nyembamba za M.2 fungua skrubu moja itoe na kuirudisha. Kama inaonekana lakini mashine haiwaki nayo, angalia mpangilio wa kubuti, yaani mashine ianze kuwaka na kipi, "Windows Boot Manager" iwe ya kwanza. Na hapa ndo ile ya BIOS kusahau inapoingia, kama hali ya SATA (namna mashine inavyoongea na diski) ilikuwa RAID au Intel RST ikarudi AHCI, au kinyume chake, Windows inaweza kuanza afu ikaanguka na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE wakati diski haina ubaya wowote. Rudisha ilivyokuwa tu. Usibadilishe vitu vitano kwa mpigo humo ndani, badilisha kimoja, sevu, jaribu, hakijasaidia rudisha.

Na tahadhari kubwa, laptopu nyingi za sasa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha mafaili, bila hata mwenyewe kujua, Windows 11 inaweza kuiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Ukigusa mipangilio ya usalama ya Secure Boot au TPM kwenye BIOS, au ukibadilisha madabodi, inakuja skrini ya bluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Huo ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti yako, ingia kwa simu kwenye aka.ms/myrecoverykey na uulinganishe na ile Key ID inayoonyeshwa kwenye skrini. Bila huo ufunguo mafaili hayafunguki, hakuna fundi mwenye njia ya mkato. Kama mashine yako inawaka leo vizuri, nenda kauandike leo hii sehemu nje ya hiyo kompyuta.

Hard disk ya zamani ile ya kuzunguka ukisikia inapiga tak, tak, tak, zima. Usijaribu tena na tena, usiendeshe chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), usiibamize. Kila sekunde inapozunguka ikiwa kwenye hali hiyo inaweza kuwa inakwangua mafaili yako, na kama ni ya muhimu ipeleke kwa watu wa kuokoa data ikiwa haijateswa.

Tufike sasa kwa Windows yenyewe. Nembo ipo, vidoti vinazunguka, afu inarestati, au inaganda, au bluu, au inarudia "Preparing Automatic Repair" siku nzima. Kwanza ipe muda kama ilikuwa inaapdeti, asilimia inaweza kukaa pale pale saa nzima hasa kwenye diski ya kuzunguka, taa ya diski ikiwa bado inapepesa inafanya kazi iache. Kama kweli imeganda, shikilia batani sekunde 10 izime. Ukiikatiza namna hiyo mara 2 au 3 mfululizo wakati vidoti vinazunguka, Windows 10 na 11 zinaleta zenyewe ukurasa wa uokoaji, unaingia "Troubleshoot" afu "Advanced options".

Watu wengi wakifika hapo wanakimbilia Reset. Subiri. Kwanza toa mafaili. Chagua "Command Prompt", lile dirisha la kuandikia amri, andika notepad ubonyeze Enter, itafunguka ile programu ya kuandikia, nenda File, Open, chini pale badilisha iwe "All Files", na hapo una dirisha la kutembelea diski yako yote, unabonyeza kulia kwenye folda unakopi, unaenda kwenye flashi au hadi diski ya nje unapesti. Haionyeshi imefika wapi na inaonekana kama imeganda, lakini inakopi, iachie. Herufi za diski zinaweza kubadilika humo, C yako ikawa D, kwa hiyo tafuta ile yenye folda ya Users. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi kwa mafaili mengi, ni flashi ya Linux kama Ubuntu au Linux Mint, unaitengeneza kwenye kompyuta nyingine, unabuti nayo, unachagua kujaribu bila kuinstoli, unafungua diski yako na kukopi kama kawaida. Ikikwambia diski inasomeka tu haiandikiki usihangaike, kusoma ndo unachotaka.

Mafaili yakishakuwa salama sasa pumua, fanya matengenezo bila presha. Anza na "Startup Repair", haifaulu kila mara lakini haina madhara. Kama tatizo lilianza baada ya apdeti, "Uninstall Updates" toa ya mwisho. "System Restore" inarudisha mfumo siku za nyuma bila kugusa dokumenti zako, ila lazima iwe iliwashwa kabla.

Afu kuna Safe Mode, na hii ndo silaha ya ukweli. Nenda "Startup Settings", Restart, afu bonyeza 4, au 5 kama unataka na intaneti. Windows inawaka na draiva chache tu za lazima. Ikiwaka humo vizuri una habari njema, manake kuna uwezekano mkubwa vifaa na mfumo ni vizima na mkosaji ni draiva au programu fulani, toa ile uliyoinstoli mwisho, toa draiva ya picha, toa antivirusi ya ziada. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona hili, apdeti mbovu ya programu ya usalama ya CrowdStrike ilileta skrini ya bluu kwenye kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kufika milioni 8.5, ndege zikakaa chini, hospitali zikarudi kwenye makaratasi, na dawa kwa mashine nyingi ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja tu kwenye folda ya madraiva. Hakukuwa na haja ya kufomati. Waliochelewa sana ni wale ambao diski zilikuwa na BitLocker na ufunguo haujulikani uko wapi.

Ikigoma hata Safe Mode, rudi Command Prompt. Kukagua mafaili ya mfumo, ukiweka herufi sahihi ya diski yako, ni hii:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Kukagua diski ni chkdsk C: /f, na ile /r ya kutafuta sehemu mbovu inachukua masaa, iwashe usiku, na tu kama mafaili umeshayatoa. Kama shida ni kwamba Windows ipo lakini mashine haioni pa kuanzia, watu wengi wanafundishana bootrec /fixboot, kwenye mashine za UEFI (BIOS ya kisasa) inajibu "Access is denied" na mtu anakwama hapo. Mimi naona bora uende moja kwa moja na bcdboot. Andika diskpart, afu list volume, tafuta kile kidogo cha FAT32 cha kama MB 100 hadi 300, andika select volume na namba yake, afu assign letter=S, afu exit, na mwisho:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ikijibu kwamba mafaili ya kubuti yametengenezwa, toa flashi zote, restati.

Kuna na ile inayowaka lakini inafika pa paswedi afu kioo cheusi na mshale tu. Ctrl, Shift na Esc, ikifungua Task Manager chagua kuendesha kazi mpya, andika explorer.exe, desktopu ikirudi umeingia. Na ile inayochukua robo saa kuwaka, angalia nafasi ya diski C, ikibaki na MB chache Windows inahangaika sana, afu kwenye Task Manager hiyo hiyo sehemu ya Startup zima kila kisicho cha lazima. Kama inawaka vizuri ukirestati lakini ukizima na kuwasha inagoma, mshukiwa ni Fast Startup, iliyokuja na Windows 8, manake ukibonyeza Shut down haizimi kabisa, inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski. Shikilia Shift unapobonyeza Shut down uone tofauti, na ikisaidia izime kabisa kwenye mipangilio ya umeme.

Wa Mac kwa kifupi, zile zenye chipu za Apple shikilia batani ya kuwashia mpaka uone chaguzi za kuanzia, zile za Intel shikilia Command na R, afu nenda Disk Utility uendeshe First Aid. Folda yenye alama ya kuuliza maana yake haijaona mfumo.

Kama yote yamegoma na mafaili unayo, hapo ndo "Reset this PC" au kupiga Windows upya kunakuwa na maana, na kama ni kupiga upya kwenye diski ya kuzunguka iliyochoka basi weka SSD kabisa, usipoteze jumamosi yako mara mbili. Na kama unampelekea fundi, mwambie kwa maneno wazi kabla hajagusa chochote kwamba mafaili ya ndani unayataka au umeshayatoa, mpe zile picha ulizopiga za maandishi ya kwenye skrini, mweleze umeshajaribu nini ili asianze upya, na akibadilisha diski mwombe akurudishie ile ya zamani hata kama anasema imekufa.